Mkubwa Ndiye Huanza

Jumatatu, 16 Desemba 2024

Nimefika Iwonicz, kwenye nyumba ya tiba ya chemchemi, saa saba mchana. Theluji chafu, imekanyagwa na kila mtu. Sista Marzena, muuguzi, amenipa daftari hili niwe naandika presha, asubuhi na jioni. 150 kwa 95. Kurasa za mbele ni za presha. Za nyuma ni zangu, naanzia mwisho narudi mbele.

Siku ishirini na moja, Krismasi ikiwa katikati. Kwa kawaida mtu husubiri nafasi hapa miezi na miezi. Tarehe hizi wenye familia huzikataa, kwa hiyo mimi nilipigiwa simu upesi. Nilisema ndiyo kabla mama aliyepiga hajamaliza kueleza.

Chumba 214, vitanda viwili. Mwenzangu nimemkuta. Bwana Ludwik wa Gdynia, mpishi wa meli, amestaafu. Ndevu nyeupe pe, uso umekaushwa na chumvi. Sabini, labda na zaidi. Sista alichanganya kadi zetu za matibabu akampa yangu. Aliisoma yote, mbele na nyuma, bila haya, ndipo akanikabidhi.

"Bwana Seweryn, huruhusiwi chumvi," alisema. "Pole sana."

Lifti ya hapa: kibandiko cha ukaguzi kimepitwa na siku tisa. Nimekagua lifti za Łódź miaka thelathini na minane, siwezi kuacha kusoma vibandiko. Nimepanda ngazi.


Jumanne, 17 Desemba

Asubuhi matope ya moto mgongoni. Saa nne ukumbi wa maji ya dawa. Kila mgonjwa ana kikombe chake chenye mdomo mrefu kama wa birika, unafyonza taratibu ukizunguka ukumbi. Maji yananuka mafuta ya taa. Watu wanazunguka na kufyonza, hakuna anayecheka. Mimi pia sikucheka.

Tumepangiwa meza ya saba: mimi, Bwana Ludwik, na Bi Jadwiga wa Radom, mjane mara mbili, mcheza dansi. Kiti cha nne hakina mtu. Bi Jadwiga ametuuliza mambo yote kabla supu haijaja. Kama tuna wake. (Hatuna.) Kama tumewahi kuwa nao. (Hatujawahi.) Kama tunacheza dansi. Bwana Ludwik amesema anacheza, lakini sakafu ikiyumba tu.


Alhamisi, 19 Desemba

Chakula cha wasiokula chumvi ni adhabu. Kuku mweupe, viazi vyeupe, sahani nyeupe. Leo Bwana Ludwik ametoa mfukoni kopo dogo la vidonge vya kikohozi. Ndani hakuna vidonge. Kuna pilipili manga, majani makavu yaliyosagwa, mbegu fulani. Amenyunyiza kwenye sahani yangu bila kuniomba ruhusa, huku akitazama dirishani.

"Bwana Ludwik, nitafukuzwa."

"Hakuna hata chembe ya chumvi humo, Bwana Seweryn. Miaka thelathini nimelisha mabaharia wenye presha. Hakuna aliyefia mikononi mwangu. Mmoja tu, naye alianguka kutoka ngazini."

Nimekula vyote. Nimesahau lini mara ya mwisho nilimaliza sahani.


Jumamosi, 21 Desemba

Dansi saa kumi na moja, kwenye ukumbi wa chakula, viti vimesukumwa ukutani. Bi Jadwiga ametuchezesha kwa zamu, mmoja hadi aanze kuhema, kisha mwingine. Alipokaa alitucheka.

"Nyie wazee mnalala chumba kimoja, mnaazimana taulo, na bado mnaitana Bwana, Bwana, kama mko bungeni. Mtaacha lini?"

Bwana Ludwik alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Si kazi yangu. Mkubwa ndiye huanza — anasema, tuache mambo ya Bwana, mimi naitwa fulani. Halafu mnashika glasi, mnapitisha mkono ndani ya mkono, mnakunywa, mnabusiana mashavuni. Mdogo akianza ni utovu wa adabu. Mama yangu angefufuka anizabe kofi.

Basi namngoja aanze. Atakapoanza nitakubali. Nimejiona nikifikiria hilo muda mrefu kuliko inavyostahili.


Jumapili, 22 Desemba

145 kwa 90. Hakuna jipya. Bwana Ludwik amenionyesha namna ya kumenya kitunguu bila machozi. Ametumia kitunguu cha jikoni, sijui alikipataje.


Jumanne, 24 Desemba

Nyota ya kwanza, ile inayoruhusu kula mkesha wa Krismasi, imeonekana saa tisa na dakika arobaini, kwa mujibu wa mpishi. Mbingu yenyewe ilikuwa mawingu matupu. Tumekaa. Supu ya bitiruti na vimaandazi vya uyoga ndani yake, samaki wa bwawani, kabichi. Mbele ya kiti cha nne wameweka sahani ya mgeni asiyealikwa, kama kawaida.

"Melini pia tuliiweka," alisema Bwana Ludwik. "Katikati ya Atlantiki. Sijui tulimtarajia nani."

Kabla ya kula tunavunjiana ule mkate mwembamba kama karatasi, na kila mmoja anamtakia mwenzake jambo, ana kwa ana. Bi Jadwiga alinitakia mke. Nilimtakia magoti mazuri. Kisha ikawa Bwana Ludwik. Alivunja kipande cha mkate wangu, akakishika kidogo.

"Bwana Seweryn, nakutakia Krismasi ijayo usile na watu usiowajua."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, kwenye matope. Yalikuwa maneno mazuri. Nikafungua mdomo, nikasema: afya.

Afya tu! Kama kadi ya ofisini. Nimejichukia hadi walipoleta matunda yaliyochemshwa.


Alhamisi, 26 Desemba

Hakuna matibabu, sikukuu. Tumetembea hadi benchi lililo juu ya chemchemi. Jua, baridi kali. Bwana Ludwik alikuwa anamenya chungwa, ganda zima kwa mkato mmoja, kikazi. Akasema bila kuinua macho:

"Kulikuwa na mwanamume Mreno. Rotterdam. Miaka sita. Kila meli yetu ilipotia nanga alikuja getini na mwavuli, hata kama hakuna mvua."

"Halafu?"

"Halafu tukabadilishiwa njia, tukapelekwa Brazili. Niliandika barua tatu. Ya nne sikuandika."

Nilihesabu miti ya mbele yangu. Ilikuwa kumi na mmoja. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili kwa sauti, hata daktari. Nikasema kwangu pia, kulikuwa na Witold. Miaka kumi na tisa. Majirani walimwita binamu yangu, na sisi tukawaacha. Amekufa miaka minne sasa. Kwenye mazishi nilisimama mstari wa tatu, nyuma ya binamu zake wa kweli.

Amenipa nusu ya chungwa, ile kubwa.

"Pole sana, Bwana Seweryn."

"Asante, Bwana Ludwik."

Tumeambiana yote hayo, na bado ni mabwana! Tuliporudi njia ilikuwa na barafu. Alinishika mkono wa koti. Barafu ilipokwisha hakuachia hadi getini.


Jumapili, 29 Desemba

Mchana, mashindano ya kuruka kwa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, kwenye televisheni. Nyumba nzima imo sebuleni, wanapumua pamoja kila kijana wa nchi yetu anaporuka kutoka mteremkoni. Tulikuwa na blanketi moja magotini. Chini ya blanketi aliuweka mkono wake juu ya wangu, au mimi niliuweka wangu chini ya wake, sina hakika. Mzito, na wa joto, na una kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba. Sikumwona hata kijana mmoja akitua.

"Bwana Seweryn, tumepata nafasi ya ngapi?"

Sikujua. Yeye pia hakujua.

Presha jioni 160. Sista Marzena anadhani ni uyoga.


Jumatatu, 30 Desemba

Namfikiria Witold, si kwa huzuni. Alinizidi miaka minane. Yeye ndiye aliyeanza kila kitu. Yeye alisema tuitane majina. Yeye alisema nihamie kwake. Hata rangi ya jikoni aliichagua yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kukubali, na nilikubali vizuri, hakuwahi kulalamika. Lakini maishani mwangu sijaanza jambo hata moja.

Kwa hiyo namngoja Bwana Ludwik. Zimebaki siku sita.


Jumatano, 1 Januari 2025

Ameanza kufunga mizigo. Siku nne kabla! Amekunja mashati yote ila mawili. Leo kutwa ameongea nami kama anavyoongea mtu na afisa forodha: ndiyo, hapana, asante. Mezani kopo halikutoka mfukoni.

Niliuliza kama nimemkosea.

"Hapana, Bwana Seweryn. Mimi si mtu wa kusukuma mlango, basi. Ukifungwa, nakaa nje."

Mlango gani? Yeye ndiye mkubwa. Wiki mbili na siku kadhaa alikuwa na nafasi, benchini, kwenye blanketi, popote. Hakusema. Mtu mzima asiposema ina maana hataki. Inauma. Inauma kuliko nilivyopanga.


Alhamisi, 2 Januari

Naandika haraka, kabla ya chakula cha mchana.

Nilikwenda kwa Sista Marzena kupimwa. Kadi ya Bwana Ludwik ilikuwa mezani kwake, imefunguliwa. Amezaliwa Oktoba 1963. Mimi ni Machi 1961. Nimesoma mara tatu kama ninavyosoma kibandiko cha lifti. Namba haikubadilika.

Ana miaka sitini na mmoja. Ni ndevu tu. Ni chumvi na upepo. Na mimi nywele zangu bado nyeusi, nimezirithi kwa mama, hakuna anayenipa umri wangu. Nilimtazama siku ya kwanza, nikamjazia miaka sabini, nikakaa nikingoja.

Na yeye alijua! Alisoma kadi yangu siku ileile, mbele na nyuma. Amejua tangu mwanzo kwamba mimi ndiye mkubwa. Siku kumi na nane amekuwa akiningoja mimi.

Mimi ninayesoma kila kibandiko.

Jioni. Mezani nilikaa wima, nikakohoa, nikasema: Bwana Ludwik. Akainua macho. Bi Jadwiga naye akainua. Nikasema: naomba kikapu cha mkate.

Akanipa kikapu. Bi Jadwiga amenitazama muda mrefu sana.


Ijumaa, 3 Januari

Nimelala vibaya, nimenyoa vizuri.

Kilevi ni marufuku hapa. Bwana mmoja wa chumba 108 alirudishwa kwao kwa ajili ya kichupa kimoja. Lakini jambo hili halifanyiki bila kinywaji, hata nikiwa na miaka mia. Kwa hiyo saa nne, ukumbi wa maji. Foleni ndefu, watu wanafyonza na kuzunguka. Nilijaza vikombe viwili, changu na chake. Nilimfuata alipokuwa amesimama karibu na dirisha. Njiani maji yakanimwagikia kiatuni.

"Bwana Ludwik," nilisema. "Mimi ni mkubwa kwako kwa miaka miwili na miezi saba. Nimejua jana. Nilidhani wewe ndiye mkubwa. Naomba tuache mambo ya Bwana. Mimi naitwa Seweryn."

Alitazama kiatu changu kilicholowa. Kisha akachukua kikombe chake.

Si rahisi kupitisha mkono ndani ya mkono ukiwa umeshika kikombe chenye mdomo wa birika. Mdomo wa changu ulimchoma ndevuni. Wa kwake ulinimwagia maji kwenye kola, bado nanuka. Tulifyonza. Yale maji mabaya kuliko yote nchini, tukayafyonza hadi mwisho, tukitazamana.

"Ludwik," alisema, kana kwamba nilikuwa silijui.

Shavu la kulia, la kushoto, tena la kulia, ndivyo ilivyo desturi. Busu la tatu halikufika shavuni. Sijui ni nani aliyegeuza uso. Lilikuwa fupi, lilikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Waliokuwa kwenye foleni waliona wazee wawili wanaacha mambo ya Bwana, basi. Bi Jadwiga alipiga makofi na kikombe chake mkononi.

"Hatimaye bunge limefungwa," alisema.

Baadaye chumbani nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje? Mimi mdogo."

"Ungenitajia umri wako."

"Nilidhani unajua na hutaki. Nilikaa hapa kila jioni nikisema, kesho ataanza. Krismasi nikasema, sasa. Ukanitakia afya."

"Una ndevu nyeupe, Ludwik."

"Ndevu si kitambulisho, Seweryn."

Tulicheka hadi wa 213 akagonga ukuta. Nimevisogeza vitanda. Vina magurudumu, lakini moja limekwama, nimelirekebisha kwa sarafu. Ni mimi niliyevisogeza. Naandika hivyo ili nikumbuke.


Jumamosi, 4 Januari

130 kwa 85. Sista Marzena anayasifu maji.

Nina furaha. Naiandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nimekaa kitandani nikimtazama akikunja mashati yale mawili yaliyobaki, na nina furaha, na saa inakwenda.

Bi Jadwiga ametuaga mezani, dada yake anakuja kumchukua na gari. Alimkumbatia Ludwik. Mimi alinishika kidevu.

"Nimezika waume wawili, Bwana Seweryn. Wa pili alikuwa anaionja supu yangu kwanza kama ni ya moto. Huyu anakufanyia hivyo tangu Krismasi. Unadhani sina macho?"

Nilikuwa sijaona. Nimemtazama leo mchana. Ni kweli, anaonja kwanza.

Ludwik amesema jikoni kwake Gdynia kuna madirisha mawili. Moja linatazama winchi za bandari, la pili ukuta wa jirani. Kuna meza ya watu wanne, anakula amesimama. Hakusema njoo. Nimemwambia mimi nakaa orofa ya nane, lifti nzuri, naikagua mwenyewe. Jumanne nina kazi, jengo la orofa kumi na moja. Mimi pia sikusema njoo.

"Seweryn," alisema akiwa amenipa mgongo. "Mambo haya mkubwa ndiye huanza. Mama yako alikufunza hivyo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mama yangu vilevile."


Jumapili, 5 Januari

Stesheni ya Rzeszów. Basi lilichelewa, tumefika saa sita na nusu. Treni ya Gdynia ni saa saba kasoro dakika kumi, jukwaa la kwanza. Yangu saa saba na robo, la tatu. Ludwik ameniachia begi lake, na juu ya begi ameniwekea lile kopo. Amekwenda kutafuta chai.

Nina sentensi ya kumwambia, lile njoo la jana. Nimeiandaa tangu kwenye basi. Ni fupi, haina nafasi ya kuharibika. Lakini ile ya Krismasi nayo niliiandaa.

Wametangaza treni ya Gdynia. Watu wanasimama, wanabeba.

Namwona anakuja, vikombe viwili vya karatasi. Anatembea taratibu kuliko bibi aliye mbele yake. Saa kubwa ya stesheni iko juu ya kichwa chake, hajainua macho hata mara moja.

Ameketi. Ameonja chai yangu, ndipo akanipa.

"Unaandika nini?"

"Presha."

"Ngapi?"

"Imepanda."

Ametikisa kichwa kama daktari. Treni imeingia, milango imefunguka. Ludwik anapuliza chai yake, anatazama mbele kama mtu mwenye siku nzima. Begi hajaligusa. Liko miguuni pangu, na mimi ndiye mkubwa.